Boila Ikigoma Katikati ya Baridi

Wengi wetu tuliohamia Uingereza tuliikuta boila imeshafungwa ukutani, jikoni au ndani ya kabati, ikinguruma taratibu, na hatukuona haja ya kujua inafanyaje kazi. Haja hiyo huja ghafla, mara nyingi mwezi wa Januari: watoto wanajiandaa kwenda shule, maji ya bombani yanauma vidole, na redieta zimepoa nyumba nzima. Anapigiwa jamaa simu, na jamaa hakosi jibu: "Fungua tu lile jalada, kuna kitu ukikigusa inawaka."

Usifungue. Karibu kila unachoweza kukitengeneza mwenyewe kiko nje ya boila. Jalada si urembo. Kwa boila nyingi ni sehemu ya kinachozuia moshi usiingie ndani ya nyumba, na likifunguliwa halafu lisirudishwe sawasawa, huwezi kujua kwa macho. Hata kama ulikuwa fundi wa kutegemewa Mombasa au Kariakoo, mpaka wako ni pale.

Kabla ya kugusa chochote, tumia pua. Ukinusa gesi, sahau habari ya boila. Usiwashe wala usizime taa, kwa maana cheche ya swichi inatosha. Usiwashe kiberiti, wala usipige simu ukiwa ndani. Fungua milango na madirisha, funga koki kuu iliyo kwenye mita ya gesi kama unaifikia (mkono wake ukikingama na bomba, imefungwa), toa watu wote nje, kisha upige 0800 111 999. Namba hiyo ni ya bure, saa 24, kwa England, Scotland na Wales. Watakuja kuzuia hatari, hawatakutengenezea boila.

Adui wa pili hana harufu. Ni kaboni monoksidi, ileile inayoua watu kwetu wanapolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Huku hutoka kwenye boila isiyounguza gesi vizuri au ambayo bomba lake la moshi limeziba. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unadhani ni mafua ya msimu, lakini ukitoka nje unapata nafuu na ukirudi ndani hali inarudi. Watu wa nyumba moja wakiugua hivyo kwa pamoja, au ukiona masizi karibu na boila, au king'ora cha kaboni monoksidi kikilia, izime boila, tokeni nje na mpige namba ileile. Mtu akizimia, piga 999. Hata ukijisikia umepona, mwone daktari na umtajie gesi hiyo, maana asipotajiwa naye anaweza kudhani ni mafua.

Kama hakuna harufu na king'ora kimekaa kimya, anza na mambo madogo, yale ambayo mafundi huitiwa kila msimu wakacheka kimoyomoyo. Je, boila ina umeme? Karibu nayo huwa kuna swichi yenye fyuzi, na mtu aliyekuwa akifuta ukuta huenda ameizima. Fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 3. Ikiungua mara ya pili muite fundi, wala usitie ya 13 ili "ivumilie". Je, gesi ipo? Washa jiko la gesi kama unalo. Nalo likigoma, tatizo haliko kwenye boila, na kwa wanaolipia gesi kabla ya kuitumia, mara nyingi ni salio limekwisha. Themostati nayo huishiwa betri, na saa ya boila huvurugika umeme ukikatika.

Sasa tazama geji ya presha. Boila ikiwa imepoa, mshale au namba inatakiwa iwe kati ya 1 na 1.5, na ikipata moto hupanda kidogo. Ikishuka sana, boila nyingi hukataa kuwaka kabisa, na hii ndiyo hitilafu ambayo mpangaji au mwenye nyumba anaweza kuimaliza bila kumlipa mtu. Izime boila, iache ipoe. Chini yake tafuta mpira mfupi uliosukwa kwa waya wa chuma, wenye koki mbili ndogo. Fungua moja, kisha nyingine polepole mno, huku jicho likiwa kwenye geji. Utasikia maji yakiingia. Ikifika 1.5 hivi, funga zote mbili kwa uhakika. Boila nyingine hazina mpira huo ila zina ufunguo wa plastiki au kitasa chao, kwa hiyo kitabu cha maelekezo usikitupe.

Hizo koki zisipofungwa barabara, maji yataendelea kuingia kidogo kidogo. Geji ikikaribia 3, valvu ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje ya nyumba kupitia bomba dogo la shaba. Ukiona bomba hilo likidondosha maji, umepata jawabu. Na kama umejaza leo na wiki ijayo geji imerudi chini, acha kujaza. Maji yanavuja mahali, au chombo cha ndani kinachopokea maji yanapotanuka kimechoka, na kuendelea kuongeza maji mapya kunaleta kutu kwenye redieta. Hapo ni kazi ya fundi. Kumbuka pia kwamba ukitoa hewa kwenye redieta, presha hushuka, na hilo si ugonjwa.

Asubuhi ya barafu ina hitilafu yake ya pekee. Boila za kisasa, ambazo England na Wales zilianza kulazimishwa Aprili 2005, hupoza moshi wake ili zikamue joto zaidi, na mvuke ulio ndani ya moshi hugeuka maji. Maji hayo hutoka kwa bomba la plastiki, na bomba hilo likipita nje likaganda, hayana pa kwenda. Boila hutoa sauti kama ya maji yanayochemka, kisha hujifunga. Fuata bomba hilo nje, mwagia maji ya uvuguvugu pale lilipoganda, hasa kwenye kona na kwenye ncha. Yasiwe ya kuchemka, yatalipasua. Usipande ngazi juu ya barafu, na utie chumvi pale chini ulipomwaga maji, la sivyo jirani atateleza. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia upya.

Kitufe hicho nacho kina adabu zake. Kibonyeze mara moja, ikizidi sana mara mbili. Boila ikijifunga tena, andika namba ya hitilafu inayoonekana kwenye kioo, maana fundi ataiuliza kwanza kabla ya salamu. Boila iliyojizima inalinda watu wa nyumba.

Kuna dalili moja inayowapotosha wengi: maji ya moto yanatoka vizuri lakini redieta ni baridi. Themostati ikiwa sawa, mara nyingi ni valvu ya ndani inayogawa maji imekwama. Hiyo iko nyuma ya jalada, kwa hiyo umeshajua nitasema nini.

Kama umepanga, usilipe kitu bila kumwandikia mwenye nyumba kwanza. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka akaguze boila kila mwaka na akupe nakala ya cheti, na tangu Oktoba 2022, England, anawajibika kuweka king'ora cha kaboni monoksidi kwenye chumba chenye boila. Fundi akifika, awe mtu wa kwetu au mgeni, mwombe kadi ya Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI mwaka 2009. Igeuze uone nyuma, ndipo panapoandikwa aina ya kazi anazoruhusiwa kufanya. Asiye na kadi asiguse boila yako, hata akikupa bei ya kindugu.

Na leo kabla ya kulala, bonyeza kitufe cha kujaribia king'ora. Kikinyamaza, kesho nunua betri au kingine kipya.