Kabla ya Kuuliza Mwezi, Uliza Saa

Mtu wa Busia au Tororo akianza kupenda uvuvi wa ndoana, ule wa kujifurahisha na kupambana na samaki mkubwa, ushauri wa kwanza anaokutana nao huwa ni wa pwani. Ataambiwa kwamba miezi ya kutoka ni Agosti hadi Machi, na kwamba kuanzia Mei hadi Julai boti hupumzishwa. Kwa Malindi, Watamu na Shimoni hayo ni kweli. Huko kusi ndiyo inayoichafua bahari katikati ya mwaka, na kaskazi ikishika, nahodha huwafuata sulisuli na nduaro mbali nje ya miamba. Shida huanza pale mtu anapoichukua kalenda hiyo na kuipeleka Majanji.

Maji yetu makubwa ni Ziwa Victoria, na mlango wetu wa kuliingia ni Ghuba ya Berkeley: Majanji upande wa Uganda, Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya. Anayetoka Tororo hushuka Busia kisha Lumino mpaka Majanji. Aliye Busia ya Kenya hupitia Funyula hadi Sio Port. Humu samaki wa kupigana naye ni sangara, ambaye Wakenya wengi wanamwita mbuta na Waganda mputa. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akazoea, akawa mkubwa kuliko samaki yeyote aliyekuwamo. Rekodi ya dunia ya sangara aliyenaswa kwa ndoana ni ya Ziwa Nasser kule Misri, mwaka 2000: kilo 104. Huku kwetu huna haja ya kuota uzito huo. Sangara wa kilo 15 akikushika ukiwa kwenye boti ndogo, utamkumbuka.

Katika ziwa hili upepo hugeuka kila siku, na hilo lina uzito kuliko mwezi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, basi hewa huteremka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana jua huichoma ardhi, hewa yake hupanda, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuja ufukweni. Ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi linatosha kabisa kujitengenezea hali yake ya hewa. Ndiyo maana unaweza kupata asubuhi tulivu katikati ya Julai na alasiri ya hatari katikati ya Januari, mwezi ambao kila mtu anausifu.

Basi panga siku kwa saa. Toka ufukweni kwenye saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa kumepambazuka kiasi cha kuona maboya ya nyavu. Kufikia saa tano uwe umeshaelekeza boti nyumbani, hata kama samaki wanakula. Najua uchungu wa kukunja mshipi wakati huo, lakini upepo wa mchana ukishaanza hukusukumia mawimbi nyuma ya boti njia nzima. Na mawimbi ya ziwa hayafanani na ya bahari kuu. Maji yetu hayana kina kirefu, hata pale penye kina kuliko pote ni mita 80 hivi, kwa hiyo wimbi huwa fupi, limesimama wima, na lingine linalifuata kabla boti haijainua pua. Boti ikikaa ubavu hujaa maji upesi.

Kuna dhoruba za aina mbili, na kila moja ina saa yake na upande wake. Ya kwanza ni ya usiku. Hewa inayoteremka kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati, juu ya maji yenye joto, ikapanda na kufanya mawingu ya radi, na mvua hiyo hunyesha usiku mpaka alfajiri. Kwa hiyo kabla ya kusukuma boti, simama ufukweni utazame ziwani. Ukiona bado kunamulika mbali, keti, kunywa chai, ngoja. Dhoruba ya pili ni ya alasiri na jioni, na hiyo hujengeka nchi kavu, upande wa mashariki, kisha husogea kuelekea ziwani. Ukiwa majini ipe jicho milima ya Samia na anga ya nyuma yake. Wingu jeupe linalokua kwenda juu na kuanza kuwa jeusi chini ni amri ya kurudi. Usingoje ngurumo.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda zote hutoa utabiri wa ziwa, wenye upepo, mvua na kimo cha mawimbi. Kazi hiyo ilipata nguvu kati ya 2017 na 2021 chini ya mradi wa kikanda ulioitwa HIGHWAY, uliolenga hasa wavuvi na wasafiri wa ziwa hili. Usome jioni, uusome tena asubuhi. Kisha muulize mzee wa ufukweni anaonaje. Mara nyingi watakubaliana. Wasipokubaliana, mfuate yule anayekwambia ubaki.

Sasa miezi. Desemba hadi Februari ndicho kipindi chetu kikavu zaidi, na kwa anayeweza kufanya safari moja tu kwa mwaka, ningemwambia aje mwishoni mwa Januari. Mito imepungua, maji ya ghuba yamesafika, na chambo bandia kinaonekana kutoka mbali. Ila kuna jambo la chini ya maji la kujua. Tangu Septemba au Oktoba mpaka Mei hivi, maji ya joto hukaa juu na ya baridi hukaa chini bila kuchanganyika, na yale ya chini, hasa mbali na ufukwe, hupungukiwa oksijeni. Sangara ni samaki anayehitaji hewa nyingi, kwa hiyo hakai huko. Anayeburuza chambo karibu na sakafu ya ziwa mahali penye kina kirefu, mwezi wa Februari, anavua maji matupu. Pandisha chambo katikati au juu zaidi, au sogea kwenye miamba na ncha za nchi kavu. Udhaifu huo wa sangara ulionekana wazi mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, walipoelea wakiwa wamekufa katika Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga. Serikali ya Uganda ilieleza kwamba dhoruba zilikuwa zimeyavuruga maji na kuwakosesha oksijeni. Ukikuta samaki wanaelea namna hiyo, usiokote wa kula. Rudi uwaarifu watu wa uvuvi.

Machi hadi Mei ni masika. Mto Sio na Mto Nzoia huleta matope, na Nzoia ukifurika watu wa Budalangi ndio wa kwanza kuumia, sisi wa kuvua kwa raha tuna mahali pengine pa kwenda. Lakini si lazima uuandike msimu mzima kuwa umepotea. Nje kidogo ya mdomo wa Nzoia, karibu na Port Victoria, utaona mstari: upande huu maji ya kahawia kama chai ya maziwa, upande ule ya kijani. Samaki wadogo hujikusanya kwenye mpaka huo, na sangara hukaa upande mmoja akiwavizia. Peleka boti sambamba na mstari, usiukate. Chambo kipite ndani ya maji ya kijani, hatua chache tu kutoka kwenye matope. Tumia chenye rangi ya kukolea, au cheusi kabisa, kwa sababu kwenye maji machafu samaki huona umbo kuliko rangi. Na usisogelee matete ya mdomo wa mto: kuna viboko, na mamba.

Juni hadi Agosti upepo wa kusini huzidi, maji hupoa na kuchanganyika mpaka chini. Sangara husambaa, hata kwenye kina, na unaweza kuwapata mahali ambapo Februari hapakuwa na kitu. Gharama yake ni mawimbi. Siku nyingi za miezi hiyo utavua ndani ya ghuba, umejikinga, kwa saa tatu au nne za asubuhi, na siku nyingine hutatoka kabisa. Septemba hadi Novemba mvua za vuli hurudi, na magugu maji huanza kuhama. Yaliingia ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980 na bado yanasukumwa na upepo kutoka ghuba hadi ghuba. Asubuhi njia iko wazi, mchana imefungwa na injini imesongwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kurudi mapema.

Tangu Mei 2020, maji yalipopanda kupita hata kimo cha 1964, sehemu za ufuo zimebadilika. Miti na kuta zilizozama ni maficho mazuri ya sangara, na pia ni mahali pa kutoboa boti. Pita hapo na mwenyeji tu.

Kuhusu vifaa nitasema kifupi, maana duka litakuuzia zaidi ya unavyohitaji. Mshipi wa kilo 15 unatosha, lakini kipande cha mwisho, mita moja na nusu inayoshika ndoana, kiwe kinene cha kilo 40. Meno ya sangara ni madogo kama msasa na kifuniko cha shavu lake kinakata. Akiruka nje ya maji na kutikisa kichwa, mshipi mwembamba husuguliwa hapo hapo na kukatika. Usimshike kwa shavu ukimpandisha. Mshike mdomo wa chini, ukiwa umevaa glavu. Jaketi la kujiokolea livaliwe tangu ufukweni, lifungwe kamba zote. Lililokaliwa kama mto wa kiti halimsaidii mtu boti ikipinduka. Hakikisha boti ina makasia mawili, plagi ya akiba na kopo la kuchotea maji.

Heshimu kazi ya waliokutangulia. Nyavu za sangara hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, na maboya yake mara nyingi ni chupa au madumu ya plastiki. Ukiburuza ndoana juu ya wavu umeharibu riziki ya mtu. Wenye taa za omena, au mukene kwa Waganda, hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Usiingie katikati yao. Upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, na katika miezi hiyo ni busara kupita kwanza kwa kamati ya ufuo, BMU, kueleza unakwenda kuvua nini na kwa kifaa gani. Kibali cha kuvua kikate nchi ile ile unayotokea.

Mpaka nao upo majini japo hauonekani. Barabarani Mkenya na Mganda huvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa. Ziwani hakuna dirisha la kugonga muhuri. Ukikutwa upande wa pili unaweza kupoteza injini na fimbo zako pamoja na siku nzima. Weka ramani kwenye simu, iwe imepakuliwa kabla, na mwambie mwendesha boti mapema kwamba hutaki kusogea karibu na mstari hata samaki wakiwa huko.

La mwisho ni la kuzungumza kabla injini haijawashwa. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, arudishwe majini upesi. Ila mimi ningependa uwarudishe na wale wakubwa sana, kwa kuwa hao karibu wote ni majike wenye mayai, na ziwa linawahitaji. Hapo ndipo utakutana na mabondo, ile mifuko ya hewa iliyo tumboni mwa samaki. Bondo la sangara mkubwa, ambalo husafirishwa hadi China, huweza kuwa na bei kuliko nyama yake, na kijana anayekuendeshea boti anajua thamani ya kile unachotaka kukiachia. Mwambie ukiwa bado ufukweni kwamba samaki wakubwa watarudi, na umwongezee malipo yake kwa ajili hiyo, mkubaliane kiasi. Kisha vua mahali pasipo na kina kirefu, chini ya mita 10, kwa sababu anayevutwa haraka kutoka kina kirefu hufura tumbo na hawezi kuzama tena. Mtoe ndoana akiwa ndani ya maji, ubavuni mwa boti. Mshike mdomo, boti ikienda polepole, maji yapite kwenye mashavu yake mpaka akuvute mkono mwenyewe.