Filamu za Bure na Hakimiliki: Somo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafiti mazungumzo, ucheshi au tafsiri hana budi kutazama filamu. Hapa Nakuru na Njoro, wengi wetu tulizoea kuzinunua kwenye vibanda vya santuri zilizonakiliwa. Siku hizi tunazipakua mtandaoni au kunakiliana kwa simu. Aghalabu hatuulizi zilitoka wapi. Makala haya yananuia kujibu swali moja: filamu ya bure huwa halali lini?

Bure na halali

Dhana hizi mbili hutatanisha. “Bure” ni suala la bei, ilhali “halali” ni suala la idhini. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ya Kenya, mwenye filamu ndiye anayedhibiti kunakiliwa, kusambazwa na hata kutafsiriwa kwake. Ulinzi huo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambapo filamu ilitengenezwa, ilitolewa kwa umma au ilichapishwa mara ya kwanza. Huhesabiwa tukio lililokuja mwisho. Hata hivyo, sheria huruhusu matumizi ya haki kwa minajili ya utafiti na uhakiki, mradi mwenye kazi atajwe.

Njia tatu za halali

Kwanza, filamu iliyowekwa mtandaoni na mwenyewe. Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), kwa mfano, limeweka vipindi vya Vioja Mahakamani kwenye YouTube. Kwa mtafiti wa ucheshi na lugha ya mahakama, hiyo ni hazina. Kigezo ni jina la aliyekiweka kipindi: je, ni mtayarishaji au ni mpita njia?

Pili, filamu ambayo ni mali ya umma. Night of the Living Dead ya 1968 ilikosa ulinzi nchini Marekani kwa kuwa ilisambazwa bila tangazo la hakimiliki. Kwa hesabu ya Kenya, miaka 50 ilitimia mwishoni mwa 2018. Filamu kama hii hupatikana kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa 1996. Lakini tahadhari: yeyote aweza kupakia kitu humo, kwa hivyo kuwamo si ithibati ya uhalali.

Tatu, filamu yenye leseni huria. Leseni za Creative Commons hueleza mapema kinachoruhusiwa. Alama BY humtaka mtumiaji amtaje mwenye kazi. NC hukataza biashara. ND hukataza kuibadilisha kazi. Msomaji wa Kiswahili aikazie macho hii ya mwisho: filamu yenye ND hutazamwa na hugawanwa, lakini tafsiri yake haisambazwi bila idhini.

Zoezi

Tazama Sintel, filamu fupi iliyotolewa 2010 na Blender Foundation ya Uholanzi chini ya leseni ya BY. Tafsiri mazungumzo yake kwa Kiswahili sanifu yatokee chini ya picha, kisha jadili na wenzako: ni wapi ulilazimika kufupisha ili maandishi yasomeke kabla picha haijapita? Ni wapi sauti ya mhusika ilikutaka utumie lugha isiyo sanifu? Kazi hiyo waweza kuisambaza bila hofu, almuradi uwataje wenyewe na ueleze kuwa umeitafsiri.

Hitimisho

Huenda ikadhaniwa kwamba suala hili linawahusu matajiri wa Hollywood tu. La hasha. Miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wamo watakaoandika miswada ya filamu na kutafsiri kwa ujira. Santuri ya kibandani iliyobeba filamu ya Kiswahili haikumlipa mwandishi hata senti, na mwandishi asiyelipwa huacha kuandika. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.