Mvua ya Jioni River Road: Namna ya Kulinda Bidhaa za Kibandani

Ukipanga bidhaa River Road, jijini Nairobi, kumbuka kwanza mahali uliposimama. Mji unashuka kutoka Mtaa wa Tom Mboya hadi River Road, unateremka tena hadi Kirinyaga Road, na chini kabisa upo Mto Nairobi. Maji ya mvua inayonyesha huko juu yatapita mbele yako yakielekea mtoni. Kwa hiyo masika ya Machi hadi Mei, au vuli ya Oktoba hadi Desemba, anayefunika juu pekee amefanya nusu ya kazi.

Hata hivyo tuanze na juu, maana hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na lita moja ni kilo moja. Turubai la mita mbili kwa tatu lililotandazwa tambarare, likinyeshewa milimita 20, linapokea lita 120. Yakituama yote, huo ni uzito unaoshinda gunia la mahindi la kilo 90, ukining'inia juu ya simu na viatu vyako. Kwanza turubai hubonyea katikati, bonyeo likavuta maji zaidi, kisha nguzo zikapinda. Wengi hungoja lijae ndipo walisukume kwa ufito kutoka chini, na maji yakamwagikia mpita njia. Huyo alikuwa mteja.

Dawa ni mwinamo. Weka ubao au kamba iliyokazwa sana katikati ili turubai liwe na mgongo, au inua upande mmoja uwe juu kwa nusu mita kuliko mwingine. Upande wa chini uelekee mtaroni, si kwa jirani wala njia ya watu. Ukimaliza kufunga, mwaga jagi la maji juu yake utazame yanakokwenda. Yakisita mahali, kaza hapo. Kwa kufungia, mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu unafaa kuliko kamba, kwa kuwa upepo ukivuta, mpira unanyooka na kurudi, ilhali kamba inapasua pindo. Na pale ambapo kamba inaingia kibandani, funga kitambaa kidogo kikining'inia. Maji husafiri juu ya kamba hadi ndani. Yakikuta kitambaa, hudondokea hapo nje.

Kabla ya kununua turubai kuukuu, liinue dhidi ya jua. Ukiona vitone vya mwanga, hasa kwenye mikunjo, litavuja. Jua huliharibu turubai la plastiki polepole, basi usiliache juani siku nzima bila sababu.

Mzigo wa mkokoteni una kosa lake. Utaona turubai limefunika vizuri, lakini pindo zake zimechomekwa ndani ya mbao za ubavuni ili lisipeperuke. Hapo kila tone linaloteleza juu ya mzigo linaongozwa hadi chini yake. Ikiwa umetandika karatasi ya nailoni sakafuni, mkokoteni umekuwa dau lisilo na mtu wa kufua maji. Pindo zishuke nje ya mbao, zifungwe chini yake. Sakafuni weka vipande vya mbao vyenye nafasi kati yake, uache maji yapite.

Sasa maji ya chini. Katoni ikigusa sakafu yenye unyevu hunyonya maji kimyakimya, na ya chini ikilegea, zote za juu yake huanguka. Inua kila kitu juu ya paleti au matofali, angalau sentimita 15, na upeleke mbegu na vifaa vya umeme rafu za juu kabisa. Kwenye mlango wa duka, kizingiti cha saruji kinatosha kwa mvua ya kawaida. Mvua ikizidi, panga mifuko ya mchanga iliyojazwa nusu tu, mmoja ukilalia kiungo cha miwili ya chini. Mfuko uliojaa pomoni haulali, nao huacha mianya.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Mtaro ulioziba kwa chupa na makaratasi hauhitaji mvua kama ile ili ufurike. Kubalianeni na majirani mzibue mtaro mbele ya maduka yenu kabla ya mawingu kukusanyika, kuanzia kwa aliye chini ya mteremko.

Mwenye stoo chini ya ardhi akikuta maji yameingia asitie mguu kabla umeme haujazimwa. Kama swichi kuu imo humo humo ndani, amwite fundi na abaki nje. Katoni hununuliwa tena.

Mvua ikikatika, ondoa turubai upesi, hata kama bidhaa zinaonekana kavu. Joto la asubuhi chini ya plastiki iliyofungwa hufukiza unyevu, na viatu vya ngozi ndivyo huota kuvu mapema. Vifungue, vipigwe na upepo, na turubai lenyewe likauke pande zote mbili kabla hujalikunja.