Mtoto Hufundishwa Nini katika Shule ya Chekechea?

Kila mwezi wa Januari, shule zifunguliwapo, barabara za Nakuru hujaa watoto wadogo walioshikwa mikono na wazazi wao. Wengine hutoka katika mitaa ya mji, kama Bondeni na Kaptembwo. Wengine wako Njoro, Molo, Bahati na Subukia, na wengine Naivasha, ambako wazazi wengi hufanya kazi katika mashamba ya maua. Majuma machache yapitapo, mzazi hufungua mfuko wa mtoto na kutafuta daftari. Akilikuta tupu, au akiona mistari iliyochorwa ovyo ovyo, huona ya kuwa fedha yake imepotea bure. Tena akisikia kwamba mtoto wa jirani tayari asoma kitabu cha Kiingereza, hutaka kumhamisha wake mara moja.

Yafaa mzazi huyo afahamu kwanza mtoto hupelekwa shule ya chekechea kujifunza nini. Asiyejua kazi ya shule hawezi kuipima, na aweza kumhamisha mtoto kutoka shule njema na kumtia katika shule mbaya.

SHULE HII NI YA NAMNA GANI

Mwaka 1837 mwalimu wa Kijerumani, Friedrich Froebel, alifungua nyumba ya mafunzo ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina ambalo maana yake ni bustani ya watoto. Hakuwakalisha watoto mbele ya vitabu. Aliwapa mipira, vipande vya mbao, nyimbo, na vijishamba vya kupanda mbegu.

Katika Kenya, baada ya uhuru wa mwaka 1963, wananchi walijenga shule nyingi za namna hii kwa Harambee, na waalimu wengi walilipwa kwa michango ya wazazi. Mwaka 1980 kazi ya kuziangalia ilihamishiwa katika Wizara ya Elimu. Kisha Katiba ya mwaka 2010 iliweka elimu hii chini ya serikali za kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo mzazi wa Nakuru mwenye neno juu ya shule ya chekechea ya serikali hana budi kulipeleka kwa serikali ya kaunti yake.

Mtoto hukaa katika shule hii miaka miwili, akiwa na umri wa miaka 4 na 5, kisha huingia darasa la kwanza. Mtaala ulioanza kutumika katika nchi nzima Januari 2019 umegawa mafunzo yake katika sehemu tano: lugha, hesabu, mazingira, ubunifu pamoja na michezo, na dini. Kila sehemu huitwa "shughuli", wala si "somo". Jina hilo halikuwekwa bure, maana mtoto wa umri huo hujifunza kwa kutenda.

KUHESABU SI KUIMBA

Mtoto wa miaka minne aweza kuimba moja hadi ishirini bila kukosea, na watu wa nyumbani wakapiga makofi. Lakini akiambiwa alete magunzi matano ya kuwashia moto, huleta yote awezayo kuyakumbatia. Mtoto huyo ajua wimbo wa hesabu, bali hesabu yenyewe bado hajaijua. Kuhesabu ni kukipa kila kitu neno lake moja, pasipo kuruka wala kurudia, na kutambua ya kuwa neno la mwisho ndilo idadi ya vyote.

Mzazi aweza kuona jambo hili kwa macho yake. Na apange punje sita za mahindi katika mstari mmoja, na punje sita katika mstari wa pili, zielekeane. Mtoto atasema ziko sawa. Kisha auvute mstari mmoja uwe mrefu, bila kuongeza punje hata moja, na kuuliza tena. Watoto wengi wa miaka minne watasema mstari mrefu umezidi. Mtaalamu Jean Piaget wa Uswisi alilieleza jambo hili miaka mingi iliyopita. Mtoto huyo si mjinga. Macho yake bado yaishinda akili yake, naye atajirekebisha kwa kugusa, kuhamisha na kuhesabu tena, wala si kwa kukemewa.

Kwa sababu hiyo mwalimu huanza na kuchambua na kulinganisha. Mtoto hutenga maharagwe kwa rangi zake, hupanga vijiti kutoka kifupi hata kirefu, hupima jiwe lipi ni zito, na hujaza maji katika vikombe aone ni vingapi vitajaza kopo. Huko Molo, mtoto aonaye wazazi wakitenga viazi vikubwa vya kuuza na vidogo vya mbegu huwa ameliona somo la kwanza la hesabu kabla hajafika shuleni.

MIKONO KABLA YA KALAMU

Mkono wa mtoto wa miaka minne haujakomaa. Baadhi ya mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado haijawa mifupa kamili; ni gegedu, yaani kitu kilaini mfano wa sikio. Kumlazimisha kuandika ukurasa mzima wa herufi ni kumpa kazi ambayo mkono wake hauiwezi. Atashika kalamu kwa ngumi, atachoka, na atachukia.

Ndiyo sababu watoto hupewa udongo wa kufinyanga, shanga za kutunga, karatasi za kurarua, na mchanga wa kuchora kwa kidole. Mzazi aonapo mikono ya mtoto imejaa udongo, na ajue ya kuwa vidole vile vyatayarishwa kwa kalamu. Hata mistari ile ya ovyo ina taratibu yake. Aghalabu mtoto huweza kunakili duara kabla ya msalaba, na msalaba kabla ya mraba. Mtoto aliyechora duara lililofunga vizuri amefanya kazi ya kusifiwa, maana herufi nyingi zina duara ndani yake.

SIKIO NA ULIMI

Kusoma huanza masikioni. Kabla mtoto hajajua sura ya herufi, yampasa asikie ya kuwa neno ni sauti kadha wa kadha zilizoungana: kwamba "paka" na "pasi" huanza namna moja, na kwamba "kula" si "kura". Hujifunza hayo kwa nyimbo, vitendawili na hadithi. Pia hufundishwa kushika kitabu, kufunua kurasa moja moja, na kujua kwamba maandishi huanza mkono wa kushoto.

Na kwa lugha gani? Mwaka 1976 kamati ya serikali iliyoongozwa na Peter Gachathi ilishauri kwamba madarasa ya kwanza yafundishwe kwa lugha isemwayo mahali shule ilipo. Katika vijiji vingi ni lugha ya mama. Katika mji wa Nakuru, ambamo Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na watu wengine hukaa mtaa mmoja, aghalabu ni Kiswahili. Wazazi wengine hunung'unika, wakisema Kiingereza ndicho kiletacho kazi. Ni kweli kwamba Kiingereza chatakiwa, nacho kitafundishwa. Lakini mtoto afundishwaye jambo jipya kwa lugha mpya hubebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Akisha kujua katika lugha yake kwamba herufi hubeba sauti, ujuzi huo huenda naye katika lugha yo yote.

KUKAA NA WATU

Katika shule ya chekechea mtoto hufundishwa kunawa mikono, kupenga kamasi, kwenda choo na kujisafisha, kungojea zamu yake, na kusema tafadhali, asante na samahani. Hufundishwa pia kutaja jina lake, majina ya wazazi wake na mahali akaapo. Wako watu wadharauo mafunzo haya, lakini mtoto apoteaye katika kituo cha magari cha Nakuru siku ya soko hataokolewa na wimbo wa herufi. Ataokolewa na kuweza kusema yeye ni nani na kwao ni wapi.

Liko na jambo jingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, sehemu za Nakuru, Molo na Naivasha zilipatwa na machafuko makubwa, na majirani wa miaka mingi wakafukuzana. Haiwezekani shule ya watoto wadogo peke yake izuie maovu kama hayo. Hata hivyo mtoto aliyegawana kalamu za rangi na mtoto wa kabila jingine, akajifunza jina lake na wimbo wa kwao, atakuwa amemjua mwenzake kabla hajaambiwa na mtu ye yote amwogope.

KUKUNJA SI KUVUNJA

Wazazi wapendao haraka hutaja methali isemayo: Samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, lakini imesema mkunje, haikusema mvunje. Mwalimu ambaye mshahara wake hutoka katika karo huona shida kubishana na wazazi. Wakitaka daftari lililojaa, atawanakilisha watoto kurasa hata lijae. Daftari litapendeza, na mtoto atakuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba shule ni mahali pa kuogopwa. Hofu hiyo huenda naye hata darasa la kwanza, na wengine huchukua miaka kuiacha.

Wala hakuna sababu ya kuharakisha kwa ajili ya mtihani wa kuingilia darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule ya serikali kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Ikimpima, iwe ni kwa kumweka katika darasa limfaalo tu.

Hayo yote si kusema kwamba mchezo wo wote wafaa. Shule ambayo watoto hukaa tu, bila hadithi, bila vifaa na bila mwalimu wa kuzungumza nao, nayo haitimizi kazi yake. Mwisho wa mwaka wa pili mzazi na aangalie mambo haya: je, mtoto aweza kuleta vitu kumi akiambiwa kumi? Asikia sauti ya kwanza ya jina lake? Aweza kusimulia hadithi fupi kwa taratibu? Avaa nguo zake na kufunga vifungo? Hungojea zamu? Mtoto mmoja hutangulia na mwingine hufuata, na si vema kuwashindanisha. Bali mtoto asiyegeuka aitwapo, asemaye maneno machache kuliko wenzake, au asogezaye kitabu hata puani, na apelekwe hospitali akapimwe masikio na macho. Wengi walioitwa wazito walikuwa hawasikii tu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA MKUTANO WA WAZAZI

1. Kuna tofauti gani kati ya mtoto aimbaye hesabu na mtoto ahesabuye?

2. Ni kazi zipi za nyumbani, za shambani au za sokoni ziwezazo kumfundisha mtoto kuchambua, kupima na kuhesabu?

3. Mwalimu akileta udongo na mchanga darasani, mzazi amsaidie kwa njia gani?

4. Watoto wa shule yenu husema lugha ngapi nyumbani, na ni lugha gani waielewayo wote?

5. Mzazi akidai mtoto wa miaka minne apewe kazi ya kuandika kila jioni, ajibiwe nini kwa heshima?