Nyungunyungu si Mdudu: Usimamizi wa Ardhioevu na Viumbe wa Udongoni

Utangulizi

Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971 ndio msingi wa uhifadhi wa ardhioevu duniani. Kenya ilijiunga nao mwaka 1990, na Delta ya Mto Tana ikaorodheshwa mwaka 2012. Maeneo haya yanapotajwa, sifa huwaendea ndege na viboko. Wanaoishi udongoni husahaulika. Makala hii inachunguza jinsi mbinu za kusimamia ardhi zinavyowaathiri wanyama hao wasio na uti wa mgongo, kisha inahoji iwapo msamiati wetu unawatendea haki.

Maji

Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na udongo unapojaa maji oksijeni hupungua. Ausden, Sutherland na James (2001) walichunguza mbuga za nyasi nchini Uingereza ambazo hufurikishwa makusudi majira ya baridi kwa manufaa ya ndege. Walibaini kwamba mbuga zilizozoea mafuriko zilikuwa na viumbe wachache zaidi udongoni, hasa nyungunyungu wa aina chache wanaostahimili majimaji. Aidha, mbuga ambazo hazikuwa zikifurika zilipoanza kufurikishwa, nyungunyungu wengi waliuhama udongo.

Hata hivyo, maji hayo hayo huulainisha udongo, ndege wa midomo mirefu wakaweza kuudukua. Chakula kilicho katika udongo mgumu hakifikiwi, na udongo laini usio na chakula haumshibishi ndege. Kwa hiyo, hifadhi bora ni ile yenye mchanganyiko: sehemu zinazofurika, sehemu zisizofurika na vidimbwi vya maji haba.

Malisho, moto na jembe

Ng'ombe wa kiasi huzuia nyasi kurefuka, na samadi yao ni chakula cha viumbe wengi. Wakizidi, kwato hushindilia udongo na kuziba vinafasi vya hewa. Moto nao huteketeza majani makavu ambayo jongoo angeyala na kuyarejesha udongoni. Jembe la trekta hukata nyungunyungu na kubomoa vishimo vyao, ilhali mitaro ya kukaushia kinamasi huwaondolea unyevu wanaoutegemea viumbe waliozoea majimaji.

Suala la istilahi

Katika mazungumzo ya kila siku, nyungunyungu, jongoo, konokono na mchwa wote huitwa 'wadudu'. Kisayansi, kati ya hao ni mchwa pekee aliye mdudu, kwani mdudu aliyekomaa ana miguu sita. Kosa hili si la kamusi tu. Neno 'wadudu' huandamana na 'dawa ya wadudu', na msikilizaji huelewa kwamba anayetajwa ni adui wa kuangamizwa. Mkulima anayepakana na hifadhi akiambiwa 'tunza wadudu wa udongoni', ujumbe huo hugongana na mazoea yake ya lugha. Akiambiwa 'nyungunyungu hutoboa udongo wako, maji na hewa vikapenya', ataelewa anachokilinda.

Hitimisho

Mpaka wa hifadhi hautoshi kuwalinda viumbe hawa. Kinachoamua hatima yao ni kiasi cha maji, mifugo, moto na jembe. Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao ndio wafasiri na wahariri wa kesho, wana wajibu wa kumtaja kila kiumbe kwa jina lake, kwani asiyetajwa ni vigumu kutetewa.