Carina Imekoma, Duka Usilifunge

Mdogo wangu wa Mbeya, uliyeachiwa na baba duka la spea za Carina, barua yako nimeisoma. Unauliza: gari lenyewe liliacha kuundwa 2001, je, uuze mzigo wote kwa bei ya kutupa ukafungue duka la vipodozi? Vipodozi visubiri kwanza.

Daftari la baba limepangwa kwa majina ya magari, na hapo ndipo unapojipoteza. Carina nyingi zilikuwa na injini ya 5A-FE, na injini hiyo hiyo ilifungwa kwenye Corolla 110. Kwa hiyo gasketi, plagi na pampu ya maji ulizoziandika "Carina" zina wateja wawili, si mmoja. Panga upya kwa namba ya spea. Kwa Toyota, tarakimu tano za mwanzo hukwambia ni kitu gani: 04465 ni pedi za breki za mbele, 48510 ni shokapu ya mbele. Zinazofuata ndizo hutofautisha gari na gari. Kiwanda hubadilisha namba mara nyingine, basi ya zamani na mpya ziandike mstari mmoja, mteja asiondoke mikono mitupu huku kitu kipo stoo.

Kisha gusa mpira. Bushi, oili sili, mauntini za injini: vitu hivi hukakamaa hata ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa. Viondoe mapema, hata kwa faida ya nauli. Vilivyokwisha kupasuka tupa, mdogo wangu, usimuuzie mtu. Oili ikivuja fundi hataji kiwanda, anataja duka lako.

Taa, vitasa na bampa ni habari nyingine. Haviozi, wala haviingii Corolla. Hivyo ndivyo vilivyokoma kweli. Usivipunguzie bei. Mwenye Carina aliyevunjiwa taa ataanza kuzunguka mji mzima, na akifika kwako habishani sana. Ila waulize mafundi wa jirani kila mara: Carina zinatengenezwa au zinachinjwa? Zikianza kuchinjwa kwa wingi, taa za mtumba zitajaa mjini na yako mpya itakudodea. Hapo uza haraka.

Na huyo wakala anayekupigia simu kwamba huu ndio mzigo wa mwisho, chukua katoni zote? Mwambie akuuzie pisi mbili tatu za zile zinazoulizwa. Akikataa, aende nao.