Ufunguo Uko kwa Wawili

Mwenye duka la vitenge katika Mtaa wa Msimbazi hupokea oda kwa simu kabla hata hajafungua milango. Mteja wa Mbeya hutuma jina, namba ya simu, picha ya risiti, na mara nyingine picha ya kitambulisho cha taifa ili mzigo ukabidhiwe kwa basi. Je, ni nani anayeweza kuzisoma taarifa hizo zikiwa njiani?

Jibu hutegemea njia iliyotumika. Ujumbe mfupi wa kawaida husomeka katika mitambo ya mtoa huduma anayeupitisha. Programu kama WhatsApp na Signal hutumia usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho: ujumbe hufumbwa ndani ya simu ya mtumaji na kufumbuliwa ndani ya simu ya mpokeaji tu. WhatsApp ilikamilisha hatua hiyo mwezi Aprili 2016.

Fikiria yale makufuli ya Kariakoo yanayofungwa kwa kubanwa, bila ufunguo. Mteja humpa muuzaji kufuli lililo wazi, naye hubaki na ufunguo wake. Muuzaji hutia barua sandukuni, hubana kufuli, na tangu hapo hata yeye hawezi kulifungua sanduku. Simu hufanya jambo la namna hiyo kwa hesabu, kutokana na wazo lililochapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Hatari iliyopo ni mtu wa kati kukupa kufuli lake akidai ni la mteja. Kwa sababu hiyo WhatsApp huonyesha namba ya usalama yenye tarakimu 60 kwa kila mazungumzo. Mteja wa mizigo mikubwa akifika dukani, linganisheni namba hizo. Zikifanana, hakuna aliyejipenyeza.

Wengi huridhika hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Ulinzi huu huishia kwenye skrini. Mtumaji anaweza kuweka picha itazamwe mara moja tu, au ujumbe ufutike baada ya muda, lakini mpokeaji bado anaweza kuupiga picha kwa simu nyingine. Nakala rudufu inayohifadhiwa mtandaoni nayo haifumbwi kwa namna hii mpaka uiwashie ulinzi wake, unaopatikana tangu 2021. Na simu ikiachwa kwa fundi pamoja na nywila, kufuli halina kazi tena. Tunashauri ukague orodha ya vifaa vilivyounganishwa kila simu inaporudi kutoka kwa fundi, na usimpe yeyote ile namba ya tarakimu sita ya kusajili programu, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa wetu.

Muuzaji naye ana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa. Mzigo ukishapokelewa, picha ya kitambulisho ifutwe.

Kwa kuwa ujumbe uliofumbwa hausomwi na mtoa huduma wala nasi, ujumbe wa kitapeli hauonekani kwa mwingine ila wewe uliyeupokea. Ukimripoti mtumaji ndani ya WhatsApp, hadi jumbe tano za mwisho alizokutumia hupelekwa kwa kampuni hiyo, naye hajulishwi.